Ada ya apu ya afya ya wanaume: utoze nini, kwa muda gani, kwa njia ipi

Swali la msomaji wa Mombasa: *Nina apu ya afya ya wanaume. Ina daftari la presha na uzito, masomo kuhusu tezi dume na nguvu za kiume, mpango wa mazoezi ya misuli ya nyonga, na sehemu ya kumwandikia muuguzi au daktari. Walioipakua wamepita elfu tatu, wengi wako Mombasa na Nairobi. Miezi minne iliyopita niliweka ada ya shilingi 499 kwa mwezi kupitia Google Play, siku saba za kwanza bure. Wanaolipa hawafiki arobaini, na nusu yao hupotea mwezi wa pili. Nishushe bei? Niweke M-Pesa? Au watu wetu hawapendi tu kulipia apu?*

Jibu:

Ndugu, watu wetu hulipa. Mwanamume yuleyule asiyetoa 499 kwako hununua bando kila siku, na akipatwa na shida ya nguvu za kiume hutoa pesa nyingi zaidi kwa muuza mizizi asiyempa hata risiti. Kwa hiyo usianze na bei. Anza na hao nusu wanaopotea, kwa sababu huenda wengi wao hawakuondoka kwa hiari.

Fungua ripoti ya waliositisha kwenye dashibodi ya Google Play. Hapo wamegawanywa mafungu mawili: waliositisha wenyewe, na waliokatika kwa sababu malipo hayakupita. Kwetu fungu la pili huwa kubwa, maana kadi nyingi ni za kulipia kabla na siku ya kukatwa hazina salio, na si kila njia ya malipo inayokubaliwa na Google hukubali makato ya kujirudia. Ukikuta hali ni hiyo, washa muda wa msamaha ili mtu aendelee kutumia huduma huku Google ikijaribu tena kumkata, na umwonyeshe ndani ya apu ujumbe mmoja mfupi kwamba malipo yamekwama. Kagua pia jambo ambalo watengenezaji wengi huliruka: kila ununuzi mpya lazima seva yako iuthibitishe kwa Google ndani ya siku 3. Usipofanya hivyo Google humrudishia mteja pesa yake na kufuta haki yake ya kutumia. Seva iliyolala wikendi moja inaweza kukupotezea wateja ambao hata hawakujua wameondolewa.

Ukishajua hilo, ndipo uje kwenye swali lenyewe. Hitilafu yako, nionavyo, ni kwamba umefunga kwa kufuli vitu vinavyopatikana bure kwingine, kisha ukauza kwa mwezi kitu ambacho shida yake haiendi kwa mwezi. Masomo ya tezi dume yapo YouTube, kwa Kiswahili, bila malipo. Daftari la presha lipo kwenye simu nyingi. Hakuna atakayelipa 499 ili aandike namba zake mwenyewe.

Watu hupenda kutaja Hims na Ro, kampuni za Marekani zilizoanza 2017, kama ushahidi kwamba wanaume hulipia afya kila mwezi kwenye simu. Ni kweli hulipa, ila kinachojirudia kila mwezi pale ni pakiti ya dawa inayofika mlangoni, baada ya daktari kuandika cheti. Apu ni kaunta tu. Wewe huna leseni ya duka la dawa, na sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, ni dawa ya cheti, kwa hiyo usiige umbo la biashara ambayo nguzo yake huna. Jiulize: kwangu mimi, kipi kinachojirudia ambacho mtu hawezi kukipata bure? Katika vitu vinne ulivyovitaja ni kimoja tu, yule mtu anayejibu.

Kuna utafiti uliofanyika kwenye vinyozi 52 vya Los Angeles na kutolewa 2018 unaolionyesha hili vizuri. Wanaume Weusi 319 wenye presha ya juu waligawanywa makundi mawili kulingana na kinyozi chao. Kundi moja kinyozi aliwahimiza kubadili mwenendo na kumwona daktari. Kundi la pili lilikutana na mfamasia palepale kwenye kiti cha kinyozi, akapima, akaandika dawa, akafuatilia. Baada ya miezi 6 namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa alama 27 kwenye kundi la mfamasia, na alama 9 hivi kwenye kundi la mawaidha. Ujumbe ulikuwa mahali pote, bali tofauti ilitoka kwa mtu mwenye ujuzi anayerudi. Huyo ndiye wa kumtoza ada.

Basi panga hivi. Daftari na masomo yawe bure kabisa, ndiyo yatakayokuletea watu. Mazoezi ya misuli ya nyonga yauze kama mpango wenye mwanzo na mwisho, majuma 12, malipo ya mara moja. Misuli ile haionyeshi mabadiliko kwa siku kumi. Mtu anayefanya mikazo yake kila siku huhitaji kama miezi mitatu kabla ya kuhukumu kama imemsaidia, kwa hiyo kumuuzia mwezi mmoja ni kumuuzia kukata tamaa. Akilipa mara moja kwa majuma 12 yote ana sababu ya kumaliza. Na kinachobaki, yaani kumwandikia muuguzi, kusomewa majibu ya vipimo, kuitwa siku presha ikipanda, hicho ndicho kifurushi cha kujirudia.

Kuna vitu ambavyo havifungwi hata uwe na njaa ya pesa kiasi gani. Mtu akiandika kipimo cha 180 juu ya 120 au zaidi, onyo litokee saa hiyohiyo, awe amelipa au hajalipa, na akisema ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi au upande wa mwili umelegea, maandishi yamwambie aende hospitali sasa, si "jiunge ili kumwuliza daktari". Kijana anayetafuta "korodani kuuma ghafla" aone mara moja kwamba huenda imejisokota na kwamba matumaini ya kuiokoa hushuka sana baada ya saa 6. Uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila kulala ni dharura. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti hapaswi kugusa sildenafil, kwa kuwa presha inaweza kuporomoka hadi kumuua. Na yule aliyefungua apu yako kwa ajili ya nguvu za kiume tu, mwambie bure kabisa apime presha na sukari, kwa sababu mishipa ya uume ni myembamba na mara nyingi huziba kabla ya ile ya moyo. Tatizo la chumbani linaweza kutangulia la moyo kwa miaka kadhaa. Ukiweka haya nyuma ya malipo, siku moja litatokea jambo ambalo hakuna masharti ya matumizi yatakayokukinga nalo.

Hata kifurushi kikiisha, kumbukumbu zake ni zake. Aendelee kuzisoma, kuzipakua na kuzifuta. Kuna apu hufunga jedwali la presha la miezi sita ili kumlazimisha mtu ajiunge upya. Wateja huchukia hila hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa haki ya kupata taarifa zake na kuzihamisha. Kinachokoma ni huduma ya mtu, basi.

Sasa hesabu. Andika kwanza gharama ya jibu moja, ndipo uandike bei. Tuseme muuguzi wako unamlipa shilingi 80 kwa kila swali analolijibu kikamilifu. Ukiandika "maswali bila kikomo", mteja mmoja mwenye hofu atakuuliza mara ishirini kwa mwezi, na hiyo ni 1,600 kutoka kwa mtu aliyelipa 499, ambayo Google imeshaikata asilimia 15 na kukuachia 424. Ndivyo apu za namna hii zinavyokufa zikiwa na wateja. Weka idadi.

Mfano wa vifurushi ninaouona unafaa kwa watu uliowataja: wiki moja kwa shilingi 100, swali 1; mwezi kwa 300, maswali 2; miezi mitatu kwa 750, maswali 6 na simu moja ya kupitia majibu ya vipimo. Swali la ufuatiliaji ndani ya saa 48 lisihesabiwe, vinginevyo watu huandika barua ndefu kama wosia ili wabane kila kitu kwenye swali moja. Tazama kifurushi cha miezi mitatu. Majibu 6 ni shilingi 480. Kupitia Google, kwa kiwango cha usajili cha asilimia 15 kilichoanza Januari 2022, unabaki na 637.50, ukiondoa majibu unapata 157.50. Kupitia Till ya M-Pesa, yaani namba ya kulipia dukani, kwa makato ya asilimia 0.55, unabaki na 746 hivi, ukiondoa majibu ni 266. Simu ile moja, ujumbe mfupi na seva vyote vinatoka humo, kwa hiyo pima dakika za simu kabla hujaiahidi. Kifurushi cha wiki nacho kitazame kwa makini: 100 kupitia Google inakuachia 85, ukimlipa muuguzi unabaki na shilingi 5. Hiyo ni hasara iliyovaa suti. Kwenye Till malipo ya shilingi 200 kushuka chini hayakatwi mfanyabiashara, kwa hiyo wiki iuzwe huko tu au isiuzwe. Makato ya Google na ya Safaricom hubadilishwa, hivyo kabla ya kuchapisha bei rudia hesabu kwa majedwali ya siku hiyo.

Mpango wa mazoezi hauna mtu nyuma yake, kwa hiyo 600 kwa majuma 12 inakulipa vizuri. Angalizo moja: kwa bidhaa za mara moja, asilimia 15 ya Google kwa dola milioni moja za kwanza za mwaka haiji yenyewe. Ni lazima ujiandikishe kwenye daraja hilo ndani ya dashibodi, la sivyo watakata 30.

Kwa nini wiki na miezi mitatu, na si mwezi tu? Kwa sababu wateja wako ni wa aina mbili. Wa kwanza ana hofu ya leo: kaona damu kwenye mkojo, kapewa karatasi ya PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, asiyoielewa. Huyu anataka jibu leo na hana mpango na wewe mwezi ujao. Ukimlazimisha kwenye usajili wa kujirudia atalipa, atasitisha, na atakuandikia nyota moja. Wa pili ana ugonjwa wa kudumu, presha au kisukari, na kliniki yake humwita kila baada ya miezi kadhaa. Kwake mwezi ni mfupi mno kuona faida. Wale wa kati, wa mwezi, ni wachache kuliko unavyodhani. Kifurushi cha mwezi kipo zaidi ili cha miezi mitatu kionekane nafuu.

Njia ya malipo ina mitego. Apu ikiwa kwenye Google Play, maudhui ya kidijitali yanayofunguliwa ndani yake, kama ule mpango wa mazoezi, yanatakiwa kulipiwa kwa mfumo wa Google. Ukiweka kitufe cha "Lipa na M-Pesa" juu ya masomo ya video, apu inaweza kuondolewa, na rufaa huchukua muda ambao wateja wako hawatakusubiri. Kwa wenye iPhone, Apple wameandika wazi kwamba huduma ya mtu kwa mtu inayofanyika papo hapo, wakataja ushauri wa daktari kama mfano, inaweza kulipiwa kwa njia nyingine. Neno la kuangalia hapo ni papo hapo. Simu ya daktari inaingia. Swali lililojibiwa kesho yake pamoja na maktaba ya video haliingii. Kwa upande wa Google, waandikie timu ya sera maelezo ya huduma yako ya muuguzi kabla ya kupeleka toleo jipya, na utunze jibu lao.

Njia inayosumbua kidogo zaidi ni hii: vifurushi vya muuguzi viuzwe nje ya apu, kwenye tovuti yako au kwa WhatsApp ya biashara, na apu iwe ya kutumia tu. Mtu hulipa kwa M-Pesa, hupokea msimbo wa tarakimu sita, huuingiza kwenye apu. Google huruhusu apu za namna hiyo mradi ndani ya apu hakuna bei, kiungo wala maneno ya kumwelekeza mtu akalipe kwingine. Ukitaka kubaki ndani ya Google, tumia mipango ya kulipia kabla iliyoletwa 2022: mtu hununua muda, ukiisha umeisha, akitaka huongeza. Inafanana na bando, na hilo ni jambo analolielewa bila kufafanuliwa. Usajili wa kujikata wenyewe uache kama chaguo kwa wenye kadi. Safaricom nao wana M-Pesa Ratiba, iliyozinduliwa 2024, ambayo mteja huidhinisha malipo ya kujirudia kwa PIN yake. Inafaa wale wa miezi mitatu ukishakuwa nao wa kutosha.

Ukiunganisha M-Pesa kwa Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha apu na M-Pesa, mambo yanayoharibika ni yaleyale kwa kila mtu. Kwa Till, namba ya ofisi kuu ya biashara (head office) huwekwa kwenye BusinessShortCode na namba ya Till kwenye PartyB, na aina ya muamala ni CustomerBuyGoodsOnline. Wengi huweka Till sehemu zote mbili, na ombi hukataliwa bila maelezo ya maana. Tokeni ya kuingilia huisha kila saa moja, kwa hiyo iombe upya kabla haijafa. Dirisha la PIN likimfikia mteja ana muda mfupi tu. Jibu likirudi na 0 amelipa. 1 salio halitoshi. 1032 ameghairi mwenyewe. 1037 simu haikupatikana au hakujibu. 2001 kakosea PIN. Kila moja ihitimishwe kwa maneno yake kwenye skrini. "Malipo yameshindwa" peke yake humfanya mtu abonyeze tena, na tena, na hapo ndipo malipo mawili hutokea.

Jibu la Safaricom wakati mwingine halifiki kwenye seva yako kabisa. Hifadhi CheckoutRequestID, yaani namba ya utambulisho, ya kila ombi, na kama sekunde 60 zimepita kimya, uliza hali ya muamala kwa kutumia namba hiyo. Usimtambue mteja kwa namba ya simu iliyomo kwenye jibu, kwani siku hizi namba hufichwa katika baadhi ya majibu, na mtu anaweza kulipia kwa simu ya rafiki. Malipo yakija mara mbili, mwongezee siku na umwambie, kisha mpe chaguo la kurudishiwa. Wengi huchukua siku.

Sasa nije kwenye siri. Hapa ndipo biashara yako itasimama au kuanguka, nami ningelitumia juma zima juu yake kabla ya kugusa bei. Mteja wako ni mume wa mtu, na simu yake watoto huichezea. Fikiria ujumbe wa M-Pesa unaoingia baada ya kulipa. Una kiasi, jina la biashara, tarehe, na salio. Ukitumia Paybill, namba ya malipo inayodai na namba ya akaunti, unaongezewa na maneno "kwa akaunti", kisha chochote ulichokiandika wewe kwenye AccountReference. Mtengenezaji aliyeandika NGUVUMAX pale amemaliza ndoa ya mtu kwa herufi nane. Till haionyeshi akaunti, inaonyesha jina la biashara tu, na hiyo ni sababu ya pili ya kuichagua. Lakini jina lenyewe nalo liwe la kawaida. Kampuni isajiliwe kwa jina lisilosema lolote kuhusu mwili. Bidhaa kwenye Google pia ziitwe "Mpango wa majuma 12", "Kifurushi cha miezi 3", kwa sababu jina hilo huchapwa kwenye risiti inayotumwa kwa barua pepe, na barua pepe ya nyumba nyingi ni moja.

Endelea hivyo hadi mwisho. Arifa kwenye skrini iliyofungwa iseme "Una ujumbe mpya", isiseme muuguzi kakujibu kuhusu nini. Ujumbe mfupi wa kumkumbusha kwamba kifurushi kinaisha utaje siku zilizobaki tu. Apu ifunguliwe kwa namba yake ya siri, tofauti na ya simu. Na usiruhusu akaunti kurejeshwa kwa msimbo wa ujumbe mfupi peke yake. Laini isiyotumika kwa miezi hurudishwa sokoni. Atakayeinunua ataingiza namba, atapokea msimbo, na ataisoma historia ya tezi dume ya mtu asiyemjua. Ongeza swali la pili au barua pepe.

Halafu kuna vipande vya programu vya matangazo ambavyo huenda tayari umeviweka bila kufikiri. Vile vya Facebook na wengine hutuma tukio kila mtu anapolipa, na jina la tukio umeliandika wewe. Mwaka 2023 nchini Marekani Tume ya Biashara ya Shirikisho iliitoza BetterHelp, ya ushauri nasaha mtandaoni, dola milioni 7.8 na GoodRx, ya punguzo la bei za dawa, dola milioni 1.5 kwa sababu ya kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa kampuni za matangazo. Viondoe kwenye kurasa zote za malipo na za ushauri. Hutapoteza kikubwa, maana Google hairuhusu kumfuata mtu kwa matangazo kwa kigezo cha hali yake ya afya, ya uzazi ikiwemo.

Kwa Kenya, taarifa za afya ni nyeti kisheria. Biashara ndogo, yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya kumi, kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini msamaha huo hauwahusu wanaotoa huduma za afya kwa wagonjwa. Wewe unamo. Jisajili, fanya tathmini ya athari kwa data, na ujue kwamba taarifa zikivuja una saa 72 za kumjulisha Kamishna. Adhabu inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Daktari wako awe na leseni hai ya baraza la madaktari, KMPDC, muuguzi awe na ya Baraza la Wauguzi, na namba zao zionekane kwenye wasifu wao ndani ya apu. Wateja huziangalia kuliko unavyofikiri.

Kodi nayo ina mkunjo wake. Huduma za kitabibu na uuguzi hazitozwi VAT Kenya, lakini mpango wa mazoezi ni bidhaa ya kidijitali na ukifikia kiwango cha kusajiliwa unatozwa asilimia 16. Vitenganishe kwenye ankara za eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi KRA, tangu mwanzo, maana mhasibu atakayekuja kuvitenganisha baada ya mwaka atakutoza zaidi ya kodi yenyewe. Maelezo kwenye ankara yawe "ushauri" au "mpango wa mazoezi", bila kutaja ugonjwa.

Siku saba za bure ziondoe. Kumtaka mtu kadi kabla hajaona chochote kumefukuza wengi, na waliobaki wengine walikatwa wasijue. Badala yake mpe kila mtu mpya swali moja bure, bila kadi, bila namba ya M-Pesa, lijibiwe ndani ya saa 12. Gharama yako ni zile 80. Pima mambo mawili: wangapi waliuliza, na kati yao wangapi walilipa ndani ya siku 14. Kama wengi wanauliza na hawalipi, kasoro iko kwenye jibu: yasome majibu hamsini ya mwisho, utakuta mengi yanaishia "muone daktari aliye karibu nawe". Kama hawaulizi kabisa, kasoro iko kwenye siri au kwenye ukurasa wa kwanza. Bei ni ya tatu katika orodha ya washukiwa.

Ukitaka idadi, usiitafute kwa mtu mmojammoja peke yake. Chama cha bodaboda chenye SACCO, kampuni ya malori ya Changamwe, hata ukumbi wa mazoezi, wanaweza kununua misimbo mia kwa mkupuo na kuigawa. Sharti moja tu lisilegezwe kwenye mkataba: mnunuzi hupewa idadi ya misimbo iliyotumika, basi. Hapewi majina, hapewi mada, na kikundi kikiwa chini ya watu ishirini hapewi hata mgawanyo wa umri, kwa sababu dereva wa miaka 58 akiwa mmoja tu, umri wake ni jina lake. Mwajiri akisisitiza kujua nani ana presha, mwache aende.

Hao wachache wanaolipa 499 sasa wahamishe kwa upole. Kushusha bei kwenye Google hakuhitaji ridhaa yao, kupandisha ndiko kwa kawaida kunakotaka wakubali, na asiyekubali usajili wake hukatika wenyewe. Shusha hadi 300, waandikie ndani ya apu kwamba kuanzia makato yajayo watalipa hiyo, na uwape kifurushi kimoja cha miezi mitatu bure kwa msimbo. Kisha mwombe kila mmoja, kupitia muuguzi na si kwa fomu, akwambie ni kitu gani hasa alichokuwa akilipia. Ukipata majibu ishirini, vifurushi nilivyokuandikia hapa virekebishe kwa hayo.